Uji wa lishe, uji wa ulezi au chakula cha kuponda: umwanzishie mtoto kipi?

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anakaa Mbagala. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku. Mtoto wao wa kwanza alikuwa anatimiza miezi sita Jumamosi ile. "Wifi, kliniki wameniambia nianze kumpa chakula. Mama anasema uji wa ulezi, ndio aliowalea ninyi. Jirani ameniletea ndoo ya unga wa lishe, vitu tisa humo ndani. Kaka yako naye karudi na boksi la chakula cha watoto la dukani. Nishike lipi?"

Nilimwambia asubiri, nitakuja. Jumamosi asubuhi nilifika na viazi lishe, dagaa na kilo moja ya ulezi, tukakaa jikoni mpaka adhuhuri. Haya hapa ndiyo tuliyolinganisha siku ile, nimeyaandika kwa ajili ya mzazi yeyote anayeshika sufuria la mtoto kwa mara ya kwanza.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Anza na chakula cha kuponda kinachotoka jikoni kwako mwenyewe, kisaidiwe na uji mzito wa nafaka moja. Boksi la dukani liwe la akiba. Unga wa mchanganyiko wa vitu tisa, kumi, uache. Najua hili la mwisho litawaudhi wengi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Tumbo lenyewe linabeba kiasi gani?

Mtoto wa miezi sita ana kilo saba, nane hivi. Tumbo lake hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Piga hesabu: ni mililita 210 hadi 240, kikombe cha chai cha kawaida hakijai. Na maziwa ya mama bado ndiyo chakula chake kikuu. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori kama 200 tu kwa siku kutoka kwenye chakula kingine.

200 ni kidogo, utasema. Sasa tazama uji tunaoupika. Wengi wetu tunakoroga gramu 50 za unga kwenye nusu lita ya maji, uji unamiminika kama chai ya maziwa, na tunaona ndio laini unaomfaa mtoto. Nusu kikombe cha uji huo kina kilokalori 40 na kitu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kina kama 40 vilevile. Mtoto amejaza nusu ya tumbo, na alichopata ni sawa na kijiko cha mafuta. Akishashiba maji hayo, titi analisukuma. Mwezi ukiisha mnakwenda kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi umelala, na mama anaambiwa "mpe uji zaidi".

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila chakula ni uzito wake. Kichote kwa kijiko, kisha inamisha kijiko. Kikimwagika papo hapo, ni chepesi mno. Kikishikilia na kudondoka kwa shida, hapo umefika.

Swali la pili ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake, na akiba hiyo huelekea kwisha karibu na miezi sita. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Kwa hiyo chakula tunachomwanzishia lazima kilete chuma, na chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi ni cha nyama, maini, samaki na dagaa. Nafaka na kunde zinacho pia, ila zina fitati, kitu kinachokishika chuma kisifyonzwe vizuri. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza fitati, na tunda lenye vitamini C husaidia.

Swali la tatu ni langu mwenyewe, na ndilo lililoniamulia mengi: je, naona kilichomo?

Unga wa lishe wa mchanganyiko

Wifi alifungua ile ndoo. Tulichota kijiko tukanusa. Ilikuwa na harufu kali ya mafuta yaliyokaa, harufu ile ya karanga za zamani. Jirani hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alimletea kwa upendo. Alinunua sokoni mahindi, mtama, uwele, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga na mbegu za maboga, akapeleka vyote mashineni, vikasagwa pamoja.

Wazo la msingi ni zuri: nafaka ipate mwenzake wa jamii ya kunde ili protini iwe bora. Lakini nafaka moja na kunde moja zinatosha kwa kazi hiyo. Mahindi, mtama, uwele, mchele na ngano vyote ni wanga. Kuviweka vitano badala ya kimoja hakumwongezei mtoto sana, ila kunaongeza milango ya matatizo. Tumbo la mtoto likikataa, utajuaje ni kipi kati ya vile tisa? Ngano? Soya? Karanga? Ukianza na kimoja kimoja, ukasubiri siku mbili tatu kabla ya kuongeza kingine, jibu unalipata.

Karanga zikisagwa pamoja na unga, mafuta yake huharibika haraka, na unga wote unabeba harufu. Soya nayo ina shida yake. Ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia utumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo inatakiwa ichemshwe, ikaushwe, ndipo isagwe. Mashineni hakuna atakayekuuliza kama soya yako ulishaichemsha.

Kubwa kuliko yote ni sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukauka vizuri au zimehifadhiwa penye unyevu. Haina rangi unayoweza kuiona kwenye unga, haina ladha ya kukushtua, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 Kenya ilipata wagonjwa 317 wa sumukuvu na 125 kati yao walifariki, hasa maeneo ya Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua watu hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Hayo ni ya kiwango kikubwa, ya kuua kwa siku chache. Kiwango kidogo kinachoingia kila siku kwa mtoto hakionekani, lakini kinahusishwa na udumavu. Na vitu viwili vinavyoongoza kwa kubeba sumu hii ndivyo vilevile tunavyovikuta karibu kila ndoo ya unga wa lishe.

Karanga ukiwa nazo mkononi unaweza kuzichambua: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, iliyovunjika, zote nje. Ukishanunua unga uliosagwa na mtu mwingine, nafasi hiyo huna tena. Mtoto wangu wa kwanza nilimlea kwa unga wa kununua kwa kilo, na nikikumbuka jinsi nilivyojivunia ile orodha ndefu ya vilivyomo, naumia moyoni.

Kama moyo wako bado uko kwenye mchanganyiko, utengeneze mwenyewe: sehemu nne za nafaka moja kwa sehemu moja ya soya iliyochemshwa na kukaushwa, usage kidogo wa wiki mbili au tatu, uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Karanga zibaki nje ya unga.

Uji wa nafaka moja

Hapa mama yangu ana haki yake. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu zote, miligramu 300 na zaidi katika gramu 100, ilhali mahindi hayafiki hata 20. Nafaka yake ni ndogo, inapepetwa na kuoshwa mpaka maji yatoke safi, na ukungu wa sumukuvu hauiandami kama unavyoandama mahindi. Unaununua mzima, unauona, unausafisha mwenyewe, unaupeleka mashineni. Omba wasage baada ya mtu mwenye nafaka safi, maana mabaki ya aliyekutangulia yote yanaingia kwako.

Udhaifu wa uji wa ulezi mtupu ni kwamba ni mtupu. Unahitaji wenzake, na wenzake unawatia sufuriani, siyo kwenye unga. Sisi tulifanya hivi: vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa kwa kikombe kimoja cha maji (mililita 250), tukakoroga kwanza na maji baridi, kisha moto mdogo, uchemke dakika 15 huku unakoroga. Ukiiva, tia kijiko kimoja cha chai cha karanga ulizozichambua, ukazikaanga na kuzisaga mpaka zikawa laini kama siagi, au kijiko cha mafuta, au tui zito. Nusu kikombe cha uji huo kinakaribia kilokalori 100. Linganisha na ile 40 ya mwanzo, kwa tumbo lilelile. Siku ya kwanza kabisa umpe mtupu, karanga zifuate baada ya siku chache uone mwili wake unazipokeaje. Usiongeze sukari wala chumvi. Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa kupooza, ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauviwezi.

Halafu kuna kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kitu ambacho bibi zetu walikijua na sisi tumekiachia pombe. Nafaka ikiota, inatengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga. Ukitia kijiko cha unga wake kwenye uji mzito kama ugali laini, dakika chache tu uji unalainika, mtoto anaumeza bila shida, na unga wote bado umo ndani. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikifanyia utafiti kwa ajili ya watoto tangu miaka ya 1980. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, utandaze kwenye kitambaa kibichi, ufunike, unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku mbili. Ukishachipua, anika mpaka ukauke kabisa, pukusua mizizi kwa viganja, saga. Pika uji wa vijiko vitano badala ya vitatu, epua upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga, ukilainika rudisha motoni uchemke tena. Usikwepe hatua hiyo ya mwisho, ndiyo inayoua vijidudu vilivyoingia wakati wa kuotesha. Tumia ulezi, siyo mtama. Mtama ukichipua hutengeneza sianidi kwenye machipukizi na mizizi yake.

Wifi aliponiona nimetia kimea na sufuria zima likageuka mbele ya macho yake, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Sasa kwa nini kliniki hawatuonyeshi hivi?" Sikuwa na jibu.

Chakula cha kuponda

Hiki ndicho nilichomwanzishia mtoto wangu wa pili, na ndicho tulichomwanzishia huyu. Viazi lishe viwili vidogo, vile vya rangi ya chungwa, tulivichemsha na maganda, tukamenya, tukaponda kwa uma pamoja na maziwa ya mama aliyoyakamua wifi asubuhi ile. Rangi ile ya chungwa inatokana na karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kiazi kikipondwa ni kizito chenyewe. Hakihitaji hesabu ya unga na maji, na ni vigumu kukiharibu hata kama hujawahi kupika maishani. Kaka yangu aliponda sahani ya pili mwenyewe.

Siku zinazofuata unaongeza chuma. Dagaa ndio mkombozi wa mfuko wetu. Chukua wa Mwanza au wa Kigoma waliokaushwa bila chumvi. Wale wa pwani mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi, hawamfai mtoto. Toa vichwa na matumbo, osha kwa maji ya vuguvugu hata mara nne mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, kausha, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike vidoleni, twanga, chekecha. Unga huo ukae kwenye chupa kavu. Kijiko kimoja cha chai kipikwe ndani ya chakula cha mlo mmoja. Tuliposhuka kwenye bakuli la tatu la kuoshea tulikuta bado kuna mchanga, kwa hiyo usichoke mapema.

Kipande cha ini kilichochemshwa, kikakunwa kwa kijiko na kuchanganywa na boga, ni mlo mwingine mzuri, mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Mtori wa ndizi mshare na nyama ya kusaga unamfaa kabisa, mtolee wake kabla hujatia chumvi ya wakubwa. Maharage yaliyolowekwa, yakaiva sana, ukayasukuma kwenye chujio ili maganda yabaki juu. Yai lililoiva mpaka kiini kiwe kigumu, lipondwe na kiazi. Parachichi halitaki hata moto.

Shirika la Afya Duniani linagawa vyakula vya mtoto katika makundi manane, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo, na linataka mtoto apate angalau matano kwa siku. Kwa sufuria la uji peke yake ni kazi kuyafikia. Kwa sahani ya kuponda unayafikia bila kujua: ndizi mshare, dagaa, maharage, mchicha, na titi.

Blenda siyo lazima. Ninaona wazazi wanasubiri wanunue blenda ndipo waanze. Uma unatosha, na una faida: unabakiza chembechembe ndogo ambazo mtoto anajifunza nazo kutafuna. Akifika miezi minane mpe vipande laini ashike mwenyewe. Karanga nzima na vitu vigumu vya duara weka mbali, vinakaba.

Shida ya kuponda ni moja tu, hakikai. Kinapikwa kidogo, kinaliwa.

Boksi la dukani

Nitalitendea haki: lile lililoongezwa chuma na vitamini linaleta chuma kwa uhakika, kitu ambacho uji mwingi wa nyumbani haukileti. Kwa safari, au siku ambayo mama anaumwa, linasaidia. Soma nyuma ya boksi. Sukari ikiwa miongoni mwa vitu vitatu vya kwanza, rudisha. Litayarishe kwa maji yaliyochemka, kwa kipimo kilichoandikwa, usiliongezee maji ili lidumu. Na bei yake kwa mwezi inanunua dagaa, mayai na maini ya familia nzima.

Nani atampikia ukiwa kazini?

Swali hili ndilo linaloamua kuliko lishe yenyewe. Mtoto wangu wa kwanza aliharisha wiki mbili nilipoanza kazi. Nilikuwa napika uji saa kumi na moja alfajiri, naujaza kwenye chupa ya chai, dada wa kazi anamimina kila akitaka kumpa mpaka saa nane mchana. Chupa iliyofunguliwa mara tano haibaki na moto wa kuzuia vijidudu, inabaki na vuguvugu wanalolipenda. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya muda wa saa mbili. Kama una friji, mlo wa siku unakaa humo kwenye kibakuli chenye mfuniko, na unapashwa mpaka utoe mvuke, mara moja tu. Kilichogusa kijiko cha mtoto na kikabaki kinamwagwa.

Kama huna friji na dada yupo, chagua kile anachoweza kupika papo hapo. Kiazi kimoja na kijiko cha unga wa dagaa ni dakika 25, hakuna cha kukosea. Uji wa kimea una hatua nyingi, uache wa asubuhi au jioni ukiwapo mwenyewe. Kama mtoto anakwenda kwenye kituo cha kulelea, ndizi mbivu au parachichi zima lisilomenywa ni salama kuliko uji wowote wa kubeba.

Kama mtoto ana uzito mdogo, au mstari wake umelala miezi miwili, nenda na uji wa kimea wenye karanga kila siku pamoja na kuponda, na umwone muuguzi. Kama kuna aliyewahi kuvimba au kubabuka kwa karanga au mayai kwenu, zungumza nao kliniki kwanza. Kama kipato ni kigumu mwezi huu, usiuze yai la kuku wako ili ununue unga wa lishe. Mpe yai.

Kiasi? Vijiko viwili au vitatu vya chakula mara mbili kwa siku, taratibu upande hadi nusu kikombe mara mbili au tatu. Titi linaendelea kama kawaida, mpaka miaka miwili na zaidi. Siku ya kwanza atasukuma chakula kwa ulimi. Hajakataa, ulimi wake umezoea kunyonya. Binti wa wifi alisukuma kijiko cha kwanza, cha pili kikamdondokea kidevuni, cha tatu alikitazama mkononi mwangu muda mrefu, kisha akafungua mdomo mwenyewe. Hapo tukaacha, inatosha kwa siku moja.

Ilibaki ndoo ya jirani. Wifi alikuwa na wasiwasi wa kumkwaza. Tuliumwaga ule unga, tukaosha ndoo, tukaijaza viazi lishe vilivyobaki na kifurushi kidogo cha kimea, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani ana mtoto wa miezi minne. Amesema miwili iliyobaki ikiisha atakuja aonyeshwe namna ya kuotesha.